Kutenga Faji na Kusoma Jenomu Yake: Mwongozo Kamili, Kuanzia Maji ya Mtaro

Wanafunzi na mafundi wa maabara wa Unguja na Pemba wamekuwa wakiniletea tatizo moja kwa sura tofauti. Mmoja faji yake ilionekana vizuri sahanini, lakini mfuatano wa DNA uliorudi ni wa bakteria. Mwingine amepata mamia ya vipande visivyoungana. Wa tatu ameambiwa kwamba sampuli yake haina DNA ya kutosha. Wote watatu huilaumu mashine ya kusomea DNA, na karibu kila mara kosa lilikwisha kufanyika wiki mbili kabla, mezani, kwenye hatua iliyoonekana ndogo.

Faji ni virusi vinavyoambukiza bakteria, na jenomu yake ni DNA yake yote. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitoa faji moja katika maji machafu, kuisafisha, kuitoa DNA yake, na kuusoma mfuatano wake mpaka zijulikane jeni zake. Nimetua zaidi kwenye hatua tatu zinazowaangusha wengi: kusafisha plaki (miduara angavu ambayo faji huiacha kwenye utando wa bakteria), kupima wingi, na kuondoa DNA ya bakteria.

## Kwanza chagua mwenyeji

Faji haikui peke yake, inahitaji bakteria wa kuishi ndani yake. Anayeanza atumie Escherichia coli K-12 aina ya MG1655, ambaye haleti maradhi, hukua haraka kwa nyuzi 37, na jenomu yake inajulikana yote. Jambo hili la mwisho litakufaa sana utakapotaka kutofautisha DNA ya faji na ya mwenyeji.

Nasisitiza MG1655, na si K-12 yoyote itakayopatikana katika friji ya jirani, kwa sababu aina ya asili ya K-12 ilibeba faji lambda ndani ya jenomu yake. Mwenyeji anayebeba faji iliyolala ndani ya jenomu yake anaweza kuitoa wakati wowote, nawe ukajikuta umesoma jenomu ya lambda ukidhani umegundua kitu katika mtaro wa Ng'ambo.

Usitumie vimelea vya kipindupindu wala homa ya matumbo kama mwenyeji. Kazi hiyo ina maabara zake na watu wake waliofunzwa. Hata hivyo maji machafu yenyewe yanaweza kuwa na vimelea hivyo, kwa hiyo kila sampuli ambayo haijachujwa ichukuliwe kuwa ni ya hatari, hasa wakati wa masika mitaro inapofurika na kuchanganyika na maji ya vyoo.

## Vifaa

Andaa vyote kabla ya kwenda kuchota maji, kwa sababu sampuli haisubiri.

- Kuchotea: chupa za mililita 100 zilizotakaswa, glavu, buti, deli lenye barafu, kalamu ya wino usiofutika na daftari.
- Mchuzi wa LB (chakula cha bakteria): kwa lita moja, triptoni gramu 10, dondoo ya hamira gramu 5, na chumvi ya maabara gramu 10. Chumvi ya jikoni yenye madini joto iache jikoni. Tengeneza pia mchuzi mzito mara tano.
- Agari ya chini: mchuzi wa LB wenye agari gramu 15 kwa lita. Agari laini: mchuzi huohuo wenye agari gramu 5 kwa lita.
- Bufa ya SM (kimiminika cha kuhifadhia faji): kwa lita moja, chumvi ya maabara gramu 5.8, magnesiamu salfeti yenye maji saba gramu 2, na Tris-HCl ya molari 1 yenye pH 7.5 mililita 50.
- Kalsiamu kloridi ya molari 1, iliyotakaswa.
- Vichujio vya mikromita 0.22 vya kufunga kwenye bomba la sindano.
- Vimeng'enya na kemikali: DNase I (hula DNA), RNase A (hula RNA), proteinezi K (hula protini), EDTA, SDS (sabuni ya maabara), na seti ya safu za kusafishia DNA (au fenoli na kloroformu, ikiwa una kabati la kuvuta hewa).
- Vyombo: otoklevu, sentrifuji, inkubeta ya nyuzi 37, beseni la maji la nyuzi 48, mikropipeti na friji.

Magnesiamu iliyomo katika bufa huwafanya faji wengi wabaki imara, na kalsiamu huwasaidia wengi wao kushika ukuta wa bakteria. Anayetumia maji matupu badala ya bufa hupoteza faji zake bila kujua zimekwenda wapi.

## Hatua ya 1: Chota maji

E. coli anaishi matumboni, kwa hiyo faji zake zitafute pale kinyesi kinapofika: mitaro ya maji machafu, machinjio, mifereji ya mabanda ya kuku na ng'ombe. Wengi hukimbilia baharini au kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka kwa sababu ni mahali pazuri, kisha wanarudi na sahani tupu. Bahari imejaa faji, lakini nyingi zake ni za bakteria wa baharini. Ukitaka hizo, chagua mwenyeji wa baharini.

Pata kibali cha taasisi yako, na umpe taarifa sheha wa eneo kabla ya kuinama mtaroni na glavu. Watu wana haki ya kujua unachochota mlangoni pao na sababu yake.

Chota mililita 50 hadi 100, funga vizuri, futa chupa kwa nje kwa dawa ya klorini, kisha uiweke katika deli. Andika papo hapo tarehe, saa, mahali na vipimo vya ramani kutoka kwenye simu yako, kwa sababu vitahitajika mwishoni utakapoiweka jenomu kwenye hazina ya kimataifa. Ikiwa unavuka bahari kati ya Pemba na Unguja, deli likae kivulini. Niliwahi kuliacha juani kwenye gati kwa muda wa kupakia mizigo tu, na sampuli nne zilizotoka Wete hazikunipa hata plaki moja.

## Hatua ya 2: Chuja na uzidishe

Acha matope yatulie, kisha zungusha maji katika sentrifuji kwa dakika 10 kwa nguvu ya g 5,000. Chukua maji ya juu na uyapitishe kwenye kichujio. Bakteria wanabaki, faji zinapita. Kichujio kikikataa usikisukume kwa nguvu, kwa sababu utando wake hupasuka bila sauti na bakteria wote hupita. Badilisha kipya.

Changanya mililita 40 za maji yaliyochujwa, mililita 10 za mchuzi mzito mara tano, nusu mililita ya bakteria waliokua usiku kucha, na mikrolita 50 za kalsiamu kloridi. Acha usiku kucha kwa nyuzi 37 huku ikitikiswa taratibu. Asubuhi zungusha na uchuje tena.

Uzidishaji huu una gharama yake: faji inayozaana kwa kasi huzifunika nyingine. Ukitaka kuona faji za namna nyingi katika mtaro mmoja, yapande maji yaliyochujwa moja kwa moja, bila kuyazidisha.

## Hatua ya 3: Panda kwenye sahani za agari mbili

Chukua bakteria walio katikati ya kukua, pale kipimo cha ukungu kwa mwanga wa nanomita 600 kinaposoma kama 0.5. Bakteria waliozeeka usiku kucha hutoa plaki hafifu.

Punguza faji mara kumi kumi: mikrolita 100 za faji ndani ya mikrolita 900 za bufa, na kutoka hapo kwenda mrija unaofuata, mpaka ufike 10⁻⁸. Badilisha ncha ya pipeti kila mrija. Asiyebadilisha ncha hubeba faji za mrija wa kwanza hadi wa mwisho, na hesabu yake yote huwa ya uongo.

Changanya mikrolita 100 za kila mpunguzo na mikrolita 300 za bakteria, subiri dakika 10 faji zishike, ongeza mililita 4 za agari laini iliyo kwenye nyuzi 48, kisha mimina juu ya agari ya chini kwa mkupuo mmoja na uizungushe sahani ienee. Agari ya moto zaidi huwaua bakteria, na iliyopoa huganda kwa madonge. Zima kiyoyozi kinachopuliza mezani, na sahani ziwe zimepashwa moto kidogo katika inkubeta.

Hapa visiwani unyevu ni adui. Matone ya maji hukusanyika chini ya kifuniko, yakidondoka hutawanya faji juu ya sahani, na plaki hugeuka michirizi kama machozi. Kausha sahani za agari ya chini kwa nusu saa, vifuniko vikiwa vimeegeshwa karibu na moto wa kichomeo, na baada ya agari laini kuganda zigeuze juu chini kabla ya kuziweka katika inkubeta.

Weka pia sahani mbili za kulinganishia: moja ya bakteria peke yao, nyingine ya bufa isiyo na bakteria. Ya kwanza ikiwa na matundu, bakteria wako wana faji tayari. Ya pili ikiota chochote, bufa yako imechafuka.

Ukifanikiwa utaona utando wa bakteria ulioenea sawasawa kama ukungu wa kioo, na ndani yake miduara angavu, kila mmoja ukiwa na mpaka unaoonekana. Hizo ndizo plaki.

Duara moja kubwa angavu lililotokea ulipodondosha tone la maji yasiyopunguzwa halitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu sumu za bakteria wengine nazo hufanya hivyo. Faji ya kweli, ikipunguzwa, hugawanyika kuwa plaki mojamoja zinazohesabika. Sumu hufifia tu.

## Hatua ya 4: Safisha plaki mara tatu

Kama kuna hatua moja ninayoomba isirukwe, ni hii.

Plaki inayoonekana safi inaweza kuwa imeota juu ya nyingine, na faji kutoka plaki za jirani husambaa ndani ya agari laini. Ukisoma jenomu ya mchanganyiko wa faji zinazofanana kidogo, programu ya kuunganisha itachanganyikiwa kila pale zinapotofautiana, nawe utapewa vipande badala ya jenomu. Ndiyo asili ya yale mamia ya vipande.

Chagua plaki iliyo peke yake, katika sahani yenye plaki chache, na pasiwe na nyingine ndani ya sentimita moja. Ichome katikati kwa ncha safi ya pipeti, uichovye katika mikrolita 100 za bufa ya SM, na uiache saa moja. Punguza, panda tena, chagua tena. Fanya hivyo mara tatu, na mara tano ikiwa plaki za ukubwa tofauti zinaendelea kujitokeza.

Ukifanikiwa sahani ya tatu itakuwa na plaki za sura moja. Andika sura hiyo: kipenyo kwa milimita, angavu au zenye ukungu, zina duara hafifu pembeni au hazina. Plaki yenye ukungu katikati mara nyingi ni dalili ya faji inayoweza kulala ndani ya bakteria, na jenomu itakuja kuthibitisha au kukanusha.

## Hatua ya 5: Pata wingi wa kutosha

Panda sahani tano au sita kwa mpunguzo unaofanya plaki zikaribie kugusana zote, utando ubaki kama nyuzi za wavu. Mimina mililita 5 za bufa ya SM juu ya kila moja na uziache katika friji usiku kucha. Kusanya kioevu, zungusha, chuja. Kioevu hiki chenye faji ndicho laiseti.

Sasa ipime. Hesabu sahani yenye plaki kati ya 30 na 300, kisha gawanya idadi hiyo kwa mpunguzo uliozidishwa na ujazo. Plaki 84, mpunguzo wa 10⁻⁶, ujazo wa mililita 0.1: 84 gawanya kwa 0.0000001, ni faji 8.4 × 10⁸ kwa mililita.

Kwa nini tujisumbue kuhesabu? Fikiria faji yenye jenomu ya herufi 50,000 (herufi za DNA ni A, C, G na T). DNA yake moja ina uzito wa kiasi cha gramu 5.4 × 10⁻¹⁷. Mililita moja yenye faji 10¹⁰ itakupa, kwa hesabu tu, nanogramu 540. Yenye faji 10⁸ itakupa nanogramu 5, na nyingi ya hizo zitapotea katika safu. Yule aliyeambiwa kwamba hana DNA ya kutosha hakuibiwa. Alipeleka laiseti nyepesi.

Usiendelee ukiwa chini ya 10⁹. Ikiwa huvuki hapo, ongeza chumvi hadi molari 1 na polietilini glikoli 8000 hadi asilimia 10, acha katika friji usiku kucha, zungusha kwa g 10,000 au zaidi, kisha yeyusha mashapo katika bufa kidogo.

## Hatua ya 6: Ondoa DNA ya bakteria, ndipo ufungue faji

Faji zilipotoka, zilipasua bakteria, na DNA ya bakteria hao imo ndani ya laiseti. Kichujio hakiizuii. Jenomu ya E. coli ina herufi milioni 4.6, karibu mara mia ya faji yetu ya mfano, hivyo mabaki machache tu huweza kuizidi faji. Mara ya kwanza nilipopokea matokeo ya kwangu, nilikuta sehemu kubwa ya nilichosoma ni E. coli mwenyewe, kwa sababu niliona nusu saa ya DNase ni kupoteza wakati.

Kinachotusaidia ni kwamba DNA ya faji iko ndani ya ganda la protini, na DNA ya bakteria iko nje. Kimeng'enya kikiingizwa ganda likiwa bado zima, kitakula ya nje pekee.

Kwa mililita moja ya laiseti, weka DNase I na RNase A kwa kiasi kinachoelekezwa na mtengenezaji, na uache kwa nyuzi 37 kwa saa moja. Kisha ongeza EDTA hadi milimolari 20, ipashe hadi nyuzi 75 kwa dakika 10. EDTA hunyakua magnesiamu na kalsiamu ambazo DNase haifanyi kazi bila hizo. Ukisahau kuizima DNase na ukafungua ganda, itakula faji yako yote. Mpangilio huu haubadiliki: kula, zima, fungua.

Kufungua: proteinezi K mikrogramu 50 kwa mililita, SDS asilimia 0.5, nyuzi 56 kwa saa moja. Baada ya hapo safisha kwa safu au kwa fenoli.

Hakiki kwa njia tatu kabla ya kulipia kusomewa. Uwiano wa mwanga 260/280 uwe karibu na 1.8. Kiasi kipimwe kwa rangi ing'aayo inayoshika DNA, kwa kuwa kipimo cha mwanga peke yake huhesabu na uchafu. Na ufanye PCR (kuzidisha kipande kimoja cha DNA) ya jeni ya 16S, ambayo bakteria anayo na faji hana: mstari wa 16S kwenye jeli ukiwa mkali, rudia DNase.

## Hatua ya 7: Kusoma mfuatano

Mashine ya Illumina hutoa vipande vifupi vyenye makosa machache, na MinION hutoa vipande virefu vinavyoweza kuvuka sehemu zinazojirudia. Kwa faji moja safi, yoyote kati yake inatosha.

Usilipie data nyingi. Herufi 50,000 zikisomwa mara 100 kila moja ni herufi milioni 5 tu, kwa hiyo faji nyingi zinaweza kuchangia zamu moja zikiwekewa alama tofauti. Kuna faji, kama T4, ambazo herufi C za DNA yake zimebadilishwa kikemikali, na baadhi ya vimeng'enya vya kuandalia sampuli hukataa kuzigusa. DNA ikiwa nyingi na safi lakini maandalizi yanashindwa, tumia njia ya kukata kwa mtikiso badala ya kimeng'enya.

## Hatua ya 8: Kuunganisha

Angalia ubora kwa programu ya FastQC, punguza ncha mbovu kwa fastp, kisha chukua sehemu ya data kwa seqtk mpaka kila herufi iwe imesomwa kati ya mara 50 na 100. Watu hushangaa nikiwaambia watupe data. Ila data ikizidi sana, makosa adimu ya mashine nayo hujirudia mpaka programu iyaone kuwa ni kweli, na kontigi (mfuatano mrefu uliounganishwa kutokana na vipande) hukatika. Unganisha kwa SPAdes ikiwa vipande ni vifupi, au Flye ikiwa ni virefu.

Ukifanikiwa utapata kontigi moja ndefu iliyosomwa kwa wingi sawasawa, pamoja na vijipande vichache vya mwenyeji vilivyosomwa mara chache. Linganisha vijipande hivyo na jenomu ya MG1655 uviondoe.

Ukiona kontigi ya herufi 5,386, usiishangilie. Hiyo ni phiX174, faji inayowekwa katika mashine za Illumina kwa ajili ya kupima usahihi. Na ya herufi 48,502 karibu hakika ni lambda: rudi umchunguze mwenyeji wako.

Programu ikisema kontigi ni duara, haimaanishi kwamba DNA ndani ya faji ni duara. Faji nyingi zina DNA iliyonyooka yenye ncha zinazojirudia, na programu huzikutanisha. SPAdes nayo huweza kuacha mrudio mfupi wa bandia kwenye ncha mbili, futa mmoja. Ncha za kweli zitafute kwa PhageTerm, na ikishindikana anza jenomu kwenye jeni ya sehemu kubwa ya terminezi (kimeng'enya kinachopakia DNA ndani ya ganda), kama wanavyofanya wengi, ili ilinganishike na nyingine. Ukamilifu upime kwa CheckV.

## Hatua ya 9: Kutambua jeni

Programu ya Pharokka itakutafutia jeni na kuzilinganisha na zinazojulikana. Jeni za faji zimebanana, nafasi tupu ni ndogo. Pengo la maelfu ya herufi bila jeni ni dalili ya kosa la kuunganisha. Tarajia kuwaona terminezi, protini za ganda na mkia, holini na endolisini (protini zinazopasua bakteria). Tarajia pia kwamba jeni nyingi, pengine zaidi ya nusu, zitaandikwa kuwa kazi yake haijulikani. Ziache hivyo. Jina linalotokana na mfanano dhaifu huigwa na wanaokuja baadaye, na huwa vigumu kuling'oa.

Tafuta jeni ya integrezi (inayoingiza DNA ya faji katika ya bakteria) na ya kizuizi (inayoifanya faji ilale). Zikiwepo, faji hii huweza kulala ndani ya bakteria, na haifai kufikiriwa kwa tiba. Tafuta pia jeni za usugu wa dawa na za sumu.

Kuhusu ukoo, linganisha jenomu nzima na nyingine. Mfanano wa asilimia 95 au zaidi unaifanya kuwa ya spishi ileile, na asilimia 70 ya jenasi ileile. Usiandike Myoviridae, Siphoviridae wala Podoviridae kama familia, kwa sababu zilifutwa mwaka 2022, ingawa sura ya mkia bado inafaa kuelezwa.

## Hatua ya 10: Weka jenomu, weka na faji

Peleka jenomu GenBank, hazina ya kimataifa ya mifuatano ya DNA, pamoja na data ghafi, ukitaja mwenyeji, tarehe, na mahali ulipochota, kutoka katika daftari lile la siku ya kwanza. Andika Unguja au Pemba, si Tanzania peke yake.

Faji yenyewe gawanya katika mirija mitatu. Miwili ikae katika friji kwa nyuzi 4 ndani ya bufa ya SM, ambako faji nyingi hudumu miezi mingi na huvumilia umeme unapokatika. Wa tatu changanya na gliseroli na ugandishe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Jina la kwenye mrija liwe lilelile la GenBank, na kila baada ya miezi sita toa mikrolita kumi, uipime upya, uandike namba mpya pembeni ya ile ya zamani. Ikishuka chini ya 10⁷, izalishe tena kutoka plaki moja.